Kabla Hujapaka Rangi: Namna ya Kukagua Plasta Mpya ya Nyumba Yako

Huku kwetu Mtwara nyumba nyingi zinapigwa plasta kwa pesa za korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo yakiingia, kila mtu anamtafuta fundi kwa wakati mmoja, maana mvua zinakaribia na hakuna anayetaka zimkute na kuta za tofali tupu. Kwa hiyo kazi inakwenda mbiombio, tena kwenye jua kali la mwisho wa kiangazi. Ukuta unakauka kabla saruji haijashika. Ukiutazama unapendeza. Ukikaa nao miezi mitatu, unaanza kukuonyesha tabia yake.

Mimi yalinikuta kwenye nyumba yetu ya kwanza, kule Chuno. Fundi alipiga vyumba vitatu kwa siku mbili, akamalizia na niru, kuta zikawa zinateleza kama sahani. Nilipitisha kiganja nikaridhika, nikamlipa hela yake yote siku ileile. Februari, usiku, kipande cha plasta chenye ukubwa wa sinia kikadondoka kutoka juu ya dirisha na kuangukia miguuni pa kitanda cha mwanangu. Alikuwa amelala amejikunja, hakikumgusa. Asubuhi nilikiokota nikakigeuza. Mgongo wake ulikuwa laini kuliko uso wake, una alama za nyuzi za mbao iliyotumika kumwagia lenta (ule mkanda wa zege unaopita juu ya dirisha), na vumbi jembamba la kijivu lililotoka na kidole. Plasta ile haikuwahi kushika lenta hata siku moja. Ilikuwa imeegemea tu.

Tangu hapo nimekagua kuta za ndugu na majirani wengi, Mtwara na Lindi, na ninachowaambia wote ni kwamba ulaini wa ukuta haukwambii chochote. Niru ni uji wa saruji uliopakwa juu, utando mwembamba tu. Ubora uko nyuma yake, na kuufikia unahitaji sikio, maji na msumari.

Vifaa vyenyewe unavyo nyumbani: sarafu au ufunguo, msumari wa inchi 4, tochi ya simu, futi, uzi wenye nati nzito mwishoni kama huna timazi, chaki, ndoo ya maji na brashi ya kupakia rangi. Cha kuazima ni bomba la alumini la kunyooshea, la mita 2, ambalo fundi yeyote analo.

Hatua ya kwanza: hesabu mifuko na uuangalie mchanga

Ukaguzi mzuri unaanza kabla plasta haijagusa ukuta. Pima chumba chako. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 3, kina ukuta wa mita za mraba 39. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 35. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kwa mchanganyo wa saruji moja kwa mchanga tano na unene wa milimita 15, unapiga karibu mita za mraba 10. Kwa hiyo chumba hicho kinataka mifuko mitatu na nusu hivi. Fundi akikimaliza kwa mifuko miwili, usishangilie kwamba amekuokolea pesa. Ama plasta ni nyembamba sana, ama ni mchanga mtupu uliopakwa rangi ya saruji.

Uwiano nao upime kwa ndoo, usiupime kwa kukisia na koleo. Mfuko mmoja ni kama ndoo moja na robo tatu za lita 20. Mchanganyo wa moja kwa tano ni ndoo 9 za mchanga kwa mfuko, wa moja kwa sita ni 10 au 11. Ndani ya nyumba, kati ya tano na sita panatosha. Nje, panapopigwa na mvua ya kaskazi, shuka mpaka nne au tano. Usimlazimishe fundi kuzidisha saruji kwa kudhani ndiyo uimara: mchanganyo wenye saruji nyingi kupita kiasi unasinyaa na kupasuka. Saruji ya daraja la 32.5 inatosha kabisa kwa plasta, iwe ile ya Dangote inayotengenezwa hapahapa Mtwara au nyingine yoyote, mradi haijaganda mabonge ndani ya mfuko.

Sasa mchanga. Kwetu pwani hapa ndipo pabaya. Mchanga wa ufukweni ni wa bure, toroli tu na kijana wa kuisukuma, na kuna watu bado wanaupeleka saiti usiku. Mchanga huo una chumvi. Chumvi inavuta unyevu wa hewa, na ukuta wake hautakauka kabisa: siku zenye unyevunyevu utaona mabaka meusi, siku za jua utaona unga mweupe, na rangi itachubuka mwaka baada ya mwaka. Kuujua ni rahisi. Weka viganja viwili vya mchanga kwenye kikombe cha maji safi, koroga, acha utulie, chovya kidole uonje. Ukisikia chumvi, rudisha mzigo.

Mchanga wa shimo wenye udongo nao una kipimo chake. Chukua chupa ya maji iliyo wazi, tia mchanga mpaka katikati, jaza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, acha saa tatu. Mchanga utalala chini na udongo utakaa juu yake kama tabaka la uji. Mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 10 na tabaka lile likazidi milimita 8, mchanga huo ni mchafu kwa plasta.

Hatua ya pili: angalia tofali zinapoandaliwa

Dakika kumi kabla ya plasta ndizo zinazoamua kama itashika. Tofali za saruji zilizokaa juani zina kiu. Zikipigwa plasta zikiwa kavu, zinanyonya maji yote ya mchanganyo na saruji inabaki unga. Zinatakiwa zifagiliwe vumbi, zimwagiwe maji, kisha ziachwe mpaka maji yaache kung'aa juu lakini tofali bado ina rangi ya kuloa.

Lenta, nguzo na ringibimu (mkanda wa zege unaofunga kuta kwa juu) ni habari nyingine. Zege lililomwagwa kwenye mbao, na hasa lile lililotandikiwa nailoni, lina uso kama kioo. Lazima lichanjwe kwa patasi, au lirushiwe kwanza uji mzito wa saruji na mchanga ukauke ukiwa na mikwaruzo, ndipo plasta ipate pa kushikia. Fundi wangu wa Chuno hakufanya lolote kati ya hayo, na mimi sikuwa nimesimama pale kumwuliza.

Angalia pia namna mchanganyo unavyoandaliwa. Ukikuta rundo la siku nzima limechanganywa asubuhi na mchana linaongezewa maji ili lilainike tena, simamisha kazi kwa adabu. Kwenye joto letu mchanganyo uishe ndani ya saa moja na nusu hivi. Ukishaanza kuganda, maji hayaurudishii nguvu.

Hatua ya tatu: mwagilia siku saba

Hii ni kazi yako mwenye nyumba mara nyingi kuliko ya fundi, kwa hiyo mkubaliane mapema nani anayeifanya. Kuanzia siku inayofuata, ukuta uloweshwe asubuhi na jioni kwa siku 7. Ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la mchana uongezewe na maji ya adhuhuri, au uutundikie magunia yaliyoloa. Ukiuruka huu mzigo wa maji, huna haki ya kumlaumu fundi kwa nyufa utakazoziona.

Hatua ya nne: usiku, zima taa

Mchana ukuta unaficha. Subiri giza, zima taa zote, bandika tochi ya simu ukutani kabisa, mwanga uteleze kando ya uso. Kila bonde na kila kilima kitatoa kivuli. Zungushia chaki unapopaona. Kazi hii ni ya nusu saa nyumba nzima, na inafaa muifanye wawili, mmoja anashika tochi, mwingine anashika chaki.

Kesho yake weka lile bomba la alumini juu ya alama zako, lisimamishe, lilaze, kisha liweke mshazari, kona kwa kona. Nafasi kati ya bomba na ukuta isizidi milimita 3. Kama huna cha kupimia, kadi nne za benki zilizopangwa pamoja zina unene huohuo: zikipita nyuma ya bomba bila kukwama, ukuta una shimo.

Unyofu wa kusimama upime kwa timazi. Pigilia msumari juu, karibu na dari, utokeze sentimita 5, ning'iniza uzi wako wenye nati, acha utulie. Pima umbali wa uzi na ukuta juu, katikati na chini. Tofauti ikizidi milimita 5 kwenye kimo cha mita 3, ukuta umelala. Kona za ndani zipime kwa kigae cha marumaru cha sentimita 40: kiingize konani, pande zote mbili zigande ukutani bila kuacha mwanga. Jikoni usiipuuze hii, maana kabati na meza za zege zitakuja kuumbuka hapo.

Unene nao unaonekana kwenye matundu ya soketi kabla hayajafungwa. Ingiza msumari, utie alama kwa kucha, pima. Ndani ni milimita 12 hadi 15, nje 15 hadi 20. Ukikuta sentimita 3 au 4, maana yake tofali zilijengwa zimepinda na fundi wa plasta ameambiwa azinyooshe kwa mchanganyo. Unene huo ulitakiwa upigwe kwa tabaka mbili, la kwanza likwaruzwe mistari na kuachwa ligande. Ukipigwa kwa mkupuo mmoja unalemewa na uzito wake wenyewe.

Hatua ya tano: gonga ukuta wote

Ungekuwa na muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, ningekuomba ufanye hili. Subiri siku 7 za maji ziishe na ukuta ukauke siku mbili tatu. Funga redio, watoto wacheze nje. Shika sarafu kwa vidole viwili na uanze kugonga taratibu kuanzia konani, kila baada ya kiganja kimoja, ukipanda na kushuka.

Plasta iliyoshika inajibu kwa sauti fupi, kavu, ti, ti, ti, kama unagonga jiwe. Iliyoachia inajibu kwa sauti nene yenye mwangwi ndani, bwa, bwa, kama mgongo wa debe. Mafundi wanasema hapo panalia. Tofauti ikikuponyoka mwanzoni, gonga kwanza mlango wa mbao, kisha sakafu ya zege, sikio litazoea. Ukifika mahali panapolia, usiondoke: zunguka mpaka upate mpaka wa sauti, uuchore kwa chaki. Utashangaa namna ramani inavyojichora yenyewe, mstari ulionyooka juu ya dirisha, mwingine ulioshuka na nguzo, duara pale bomba la umeme lilipofukiwa.

Sehemu ndogo kuliko kiganja, chini ya kimo cha kiuno, isiyo na ufa, mimi huiacha. Kubwa kuliko hapo, au yoyote iliyo juu ya mlango, juu ya dirisha, karibu na dari au juu ya kitanda, itoke. Ukuta wa nje usiachie hata ndogo, maji ya mvua yataingia humo na kuikuza.

Kuitoa kuna namna yake. Fundi akate kwa mraba mpaka kwenye tofali, avuke mpaka wa chaki kwa vidole viwili, afagie vumbi, achanje kama ni zege, aloweshe, apake uji wa saruji na kupiga plasta mpya juu ya uji ukiwa bado mbichi. Kisha maji siku 7 kama mwanzo. Akikwambia atapitisha niru juu yake tu, mkatalie. Uzito unaongezeka, kushika hakuongezeki.

Hatua ya sita: kwaruza

Chukua ule msumari, ukwaruze mahali pasipoonekana sana, nyuma ya mlango kwa mfano, kwa nguvu ya kuandikia tu. Ukuta mzuri unaacha mstari mweupe mwembamba. Ukuta dhaifu unachimbika, na mchanga unadondoka chini. Halafu pitisha kiganja kikavu mara tano sita: vumbi kidogo ni kawaida, lakini mkono ukirudi na chembe za mchanga, ama saruji ilikuwa chache ama maji ya siku 7 hayakumwagwa. Kama tatizo ni la uso tu, kunyweshea praima ya kugandisha (ile rangi ya awali) kunaweza kuokoa. Kama msumari unazama milimita 5 bila jasho, hakuna rangi itakayokaa hapo.

Hatua ya saba: nyufa, uzisome moja moja

Nyufa si kitu kimoja, na watu wengi wanapoteza pesa kwa kuogopa zisizo na madhara na kuzipuuza zenye hatari.

Kuziona zote, lowesha ukuta kwa brashi, eneo la mita moja kwa moja, kisha ukae uangalie. Uso utaanza kupauka, lakini nyufa zinashika maji, kwa hiyo zitabaki mistari myeusi kwa dakika kadhaa. Hata ule uliofichwa na niru unajitokeza.

Mistari myembamba kama unywele, iliyosukana kama utando wa buibui, imetokana na jua, saruji nyingi juu ya uso, au fundi kusugua kupita kiasi. Gonga hapo. Pasipolia, iache mpaka wakati wa rangi, itazibwa. Ufa unaofuata viungo vya tofali kama ngazi, au unaoshuka wima kati ya nguzo na tofali, umetokana na vitu viwili vinavyosinyaa tofauti. Pale panatakiwa wavu wa kuku uliopigiliwa, uvuke kiungo kwa sentimita 15 kila upande, ndipo plasta irudishwe juu yake. Vilevile juu ya mabomba ya umeme yaliyofukiwa bila kina cha kutosha.

Ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari, huo usimtupie fundi wa plasta kabla hujajua. Mara nyingi ni lenta fupi isiyokalia tofali sentimita 15 au 20 kila upande, au msingi unaocheza. Piga alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe pembeni. Uangalie kila wiki mbili. Ukivuka alama, au ukipanuka mpaka ukingo wa sarafu ukaingia, mwite mhandisi wa majengo. Kuuziba kwa plasta ni kujifunga macho.

Unga mweupe ukitokea, upanguse kwa brashi kavu, usiuoshe, maana maji yanaurudisha ndani. Ukiisha baada ya mara mbili tatu, ni chumvi ya kawaida ya saruji. Ukirudi miezi yote, ni mchanga wa bahari au maji yanayopanda kutoka ardhini. Angalia kama plasta ya nje imeshushwa mpaka ikazama kwenye udongo: hiyo ni njia ya maji, na inatakiwa ikomee sentimita 15 juu ya ardhi.

Na wewe uliyerithi nyumba ya zamani Mikindani au Kilwa, ya mawe ya matumbawe na chokaa, haya ya saruji si yako. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuvika plasta ya saruji unaufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache unaachia kwa mapande makubwa. Tafuta fundi anayejua chokaa, hata kama itabidi umsubiri.

Hatua ya nane: kaa na fundi ukutani

Ukimaliza, usimpigie simu kumfokea. Mwite, msalimie vizuri, kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, umpe sarafu mkononi. "Fundi, hapa naona panalia. Hebu gonga na wewe usikie." Akisikia kwa sikio lake mwenyewe, mabishano mengi yanakwisha. Mafundi wetu wengi wanajua kazi, wanaharibiwa na haraka zetu na bei tunazowabana nazo.

Malipo yapangeni toka siku ya kwanza. Mimi siku hizi nabakiza robo ya ufundi mpaka siku ya 28, na namwambia kabla hajaanza, mbele ya shahidi, ili asione nimemgeuka. Makubaliano yakae kwenye karatasi: uwiano, unene, nani anamwaga maji, nani analipia marekebisho.

Mwisho kabisa, nailoni ya usiku mmoja

Rangi isubiri siku 28 angalau. Lakini siku peke yake hazitoshi, hasa kama mvua zimeanza. Kata nailoni ya sentimita 30 kwa 30, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ilale mpaka asubuhi. Bandika tatu: moja chini karibu na sakafu, moja katikati, moja kwenye ukuta unaopakana na bafu. Asubuhi uzibandue. Ukikuta matone ndani yake, au ukuta umekuwa mweusi pale ilipokaa, ongeza wiki mbili urudie. Zote tatu zikitoka kavu, mwite fundi wa rangi aje aanze na praima.